Vazi la jengo: ni sitara au ni sanda?

Waswahili walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya maghorofa, lakini hakuna kauli ifaayo zaidi kuandikwa juu ya malango ya majengo mengi yanayosimamishwa siku hizi katika miji mikubwa ya dunia. Apitaye barabarani huona mabamba yanayong'aa na vioo vinavyorudisha sura ya mawingu, akadhani ameliona jengo. Hakuliona. Ameona vazi la jengo tu. Ukuta wenyewe uko nyuma. Baina ya ukuta na vazi mna uwazi, na ndani ya uwazi huo mna vitu ambavyo mpita njia havijui, mpangaji hakuulizwa habari zake, na pengine hata yule aliyetia sahihi hati za ujenzi hakuvichungulia.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Ni jambo la siasa kwa maana yake halisi: nani anayeamua, anaamua kwa faida ya nani, na nani anayelipa uamuzi ule unapokuwa mbaya. Usiku wa tarehe 14 Juni, 2017, watu 72 walilipa kwa roho zao katika mji wa London, ndani ya wilaya iliyo miongoni mwa wilaya za kitajiri kabisa katika Uingereza nzima. Watu hao hawakuuawa na ukuta wa nyumba yao. Waliuawa na vazi la ukuta huo.

NENO MOJA, KAZI NYINGI

Wahandisi wana neno moja la Kiingereza, kladingi, ambalo asili yake ni kitenzi cha kuvika nguo. Neno hilo hutumika kwa bamba linalofunika ukuta wa ghorofa. Kwa ganda la chuma lililounganishwa juu ya chuma kingine. Kwa mrija unaofunga fueli ya nyuklia. Na hata kwa kioo kinachozunguka unyuzi wa mawasiliano ulio chini ya bahari. Vitu vinne vilivyo mbalimbali vimepewa jina moja, na ndani ya jina hilo moja wafanyabiashara wamepata mahali pazuri pa kujificha.

Kiswahili, kwa bahati njema, hakina umaskini huo. Kiswahili hutofautisha ganda na pambo, gamba na joho, sitara na sanda. Ganda la yai si pambo la yai. Likivunjika, hakuna yai. Gamba la kobe si vazi la sherehe. Kobe akivuliwa gamba hufa. Lakini joho laweza kuvuliwa na mtu akabaki mtu yule yule. Ulaghai mkubwa wa biashara ya ujenzi katika miongo ya karibuni ni kuchukua neno lenye heshima ya ganda na kulitumia kuuzia joho.

Ili tofauti hiyo ionekane wazi, yafaa kwanza yatazamwe mavazi yanayofanya kazi.

Ndani ya vinu vingi vya nyuklia vinavyozalisha umeme, fueli ya urani hutengenezwa kwa vidonge vidogo vinavyopangwa ndani ya mirija mirefu ya aloi ya zirkoni. Unene wa ukuta wa mrija haufiki milimita 1. Hilo ndilo vazi la fueli. Kazi yake ni kuzuia mata zenye mnururisho zisiingie katika maji yanayopoza kinu, na wakati huo huo kuliachia joto lipite. Zirkoni haikuchaguliwa kwa kung'aa kwake. Ilichaguliwa kwa sababu hunyonya nyutroni chache sana na hustahimili kutu ndani ya maji ya moto. Hata kasoro yake ilijulikana: ikipata joto la kupita kiasi hupambana na mvuke na kutoa gesi ya haidrojeni. Mwezi Machi 2011, huko Fukushima nchini Japani, baada ya tetemeko la ardhi na tsunami kukatiza umeme wa kupozea vinu, ndivyo ilivyotokea, na haidrojeni hiyo ikalipua majengo ya vinu. Hapo pana funzo: kila vazi lina mpaka wake, na mwenye kulivisha anawajibika kuujua mpaka huo na kuutangaza.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Katika jimbo la Ohio, kando ya Ziwa Erie, kuna kinu cha nyuklia kiitwacho Davis-Besse. Kifuniko cha chungu cha kinu hicho kilikuwa cha chuma chenye unene unaozidi sentimita 15. Upande wa ndani kilivishwa ganda la chuma cha pua, unene wake haufiki sentimita 1, ili maji yenye asidi yasikile chuma cha kawaida. Mwezi Machi 2002, wakati wa matengenezo, iligunduliwa kwamba maji yenye asidi ya boriki yaliyovuja kupitia ufa yalikuwa yameanza kula chuma kutoka juu, yakala, yakala, mpaka yakatoboa unene wote. Kilichobaki kuzuia msukumo mkubwa wa maji ya kinu ni lile ganda jembamba peke yake. Ganda hilo halikuwekwa kwa ajili ya kubeba mzigo wa namna hiyo. Liliwekwa kuzuia kutu tu. Hata hivyo, lilibenuka kidogo, likashika. Vazi lilifanya zaidi ya wajibu wake. Waliofanya pungufu ni binadamu: mamlaka ya usimamizi ilitaka kifuniko kikaguliwe kabla ya mwisho wa 2001, mwenye mtambo akaomba muda ili mtambo uendelee kuzalisha, na muda akapewa.

Mfano wa tatu uko chini ya Bahari ya Hindi. Tangu Julai 2009, ulipozinduliwa mkongo wa SEACOM, sehemu kubwa ya mazungumzo na nyaraka za Afrika Mashariki imekuwa ikisafiri kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Kiini cha unyuzi huo ni kidogo mno. Sehemu kubwa ya kioo ni vazi. Vazi hilo limetengenezwa kwa kioo kinachopinda mwanga kwa kiasi kidogo kuliko kiini, na kwa sababu hiyo mwanga unaotaka kutoka hurudishwa ndani. Mwalimu wa fizikia anaweza kulieleza jambo hilo ubaoni kwa mistari michache. Likiondolewa vazi, mwanga huvuja na ujumbe hupotelea njiani.

Wala asidhani mtu kwamba elimu hii ni ya vinu na mikongo pekee. Katika Mji Mkongwe wa Unguja na katika Lamu, kuta za nyumba kongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Lipu hiyo ni vazi kwa maana yake kamili. Huikinga kuta na mvua, lakini huziacha zipumue, hata unyevu uliopenya upate njia ya kutoka. Ikichakaa hupigwa upya, kwa sababu iliwekwa ichakae yenyewe ili ukuta usichakae. Wataalamu wa hifadhi wamesema mara nyingi kwamba kuziziba kuta hizo kwa saruji ni kuzidhuru: saruji haipitishi unyevu kama chokaa, chumvi na maji hunaswa ndani, na ukuta huoza nyuma ya sura inayoonekana imara. Waashi wa pwani hawakuwa na maabara, lakini walijua kwamba vazi ni mtumishi wa ukuta, si bwana wake.

Mifano hii minne inatoa kanuni moja. Vazi la kweli hupimwa kwa kazi yake siku ya shida, si kwa sura yake siku ya uzinduzi. Kwa kanuni hiyo na yahukumiwe mavazi ya maghorofa.

MNARA ULIOVIKWA KUNI

Mnara wa Grenfell ulikamilika 1974, huko Kensington ya Kaskazini, magharibi mwa London. Ulikuwa na ghorofa 24 na ulikuwa mali ya manispaa. Wakazi wake wengi walikuwa wafanyakazi wa kipato cha chini, na wengi wao wahamiaji au watoto wa wahamiaji kutoka Afrika, Uarabuni na Asia. Ulijengwa kwa zege, na kwa miaka 40 zege hilo liliulinda. Kila nyumba ndani ya mnara ilikuwa kama sanduku lililofungwa: moto ukizuka katika nyumba moja ulitarajiwa ufie humo humo. Ndiyo maana wakazi walielekezwa kwamba moto ukitokea kwa jirani, wao wabaki ndani ya nyumba zao na kufunga milango. Kwa mnara wa zege, maelekezo hayo yalikuwa na akili.

Kati ya 2014 na 2016 mnara huo ulifanyiwa ukarabati uliogharimu karibu pauni milioni 10, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ni kuuvika vazi jipya. Madhumuni yaliyotajwa yalikuwa mawili: kuzuia joto la ndani lisipotee, na kuupendezesha mnara. Hati za kuombea kibali zilieleza waziwazi kwamba sura ya mnara ingekuwa nzuri zaidi, hasa utazamwapo kutoka maeneo ya jirani. Maneno hayo yanastahili kusomwa mara mbili. Akaaye ndani ya mnara hauoni mnara. Anayeuona ni jirani, na miongoni mwa majirani wa Grenfell walikuwamo wenye nyumba zinazouzwa kwa mamilioni ya pauni. Kwa hiyo sehemu moja ya vazi lile haikukusudiwa kumsitiri maskini. Ilikusudiwa kumsitiri tajiri asiuone umaskini wa mwenziwe.

Awali yalipendekezwa mabamba ya zinki. Ili kupunguza gharama, yakabadilishwa. Mahali pake pakawekwa mabamba ya alumini, yaani karatasi mbili nyembamba za alumini zenye plastiki ya polithini katikati. Badiliko hilo liliokoa kiasi cha pauni 293,000. Polithini hutengenezwa kutokana na mafuta na gesi ya petroli. Ikishika moto huwaka kwa ukali, huyeyuka, na hudondoka chini ingali ikiungua. Nyuma ya mabamba pakawekwa povu gumu la plastiki la kuzuia joto, nalo pia huungua. Katikati pakaachwa uwazi wa hewa, ambao moto ukiingia hugeuka dohani. Kwa maneno mengine, mnara wa zege usioungua ulivikwa kuni kutoka chini hadi juu.

Usiku ule, dakika chache kabla ya saa 7, moto ulizuka kwenye jokofu katika jiko la nyumba moja ya ghorofa ya 4. Zimamoto walifika upesi na kukabiliana na moto wa jikoni. Lakini moto ulikwisha kutoka dirishani na kulishika vazi. Katika muda usiofika nusu saa tangu utoke nje, ulikuwa umepanda mpaka kileleni. Kisha ukauzunguka mnara wote. Wakazi waliopiga simu kuomba msaada waliambiwa wabaki ndani, na agizo hilo halikubadilishwa mpaka ilipopita zaidi ya saa moja na nusu tangu simu ya kwanza. Walitii agizo lililotungwa kwa ajili ya mnara wa zege, ilhali wao walikuwa wamefungiwa ndani ya mnara wa plastiki. Katika wale 72 waliokufa, 18 walikuwa watoto.

Na ifanywe hesabu ambayo wahasibu wa mradi hawakuifanya. Zikigawanywa zile pauni 293,000 kwa roho 72, kila roho ina fungu la pauni 4,070 hivi. Hicho ndicho kiasi kilichookolewa.

WATETEZI NA HOJA ZAO

Watetezi wa mambo kama haya hawakosi maneno. Wapo wasemao kwamba ile ilikuwa bahati mbaya, ajali ambayo hakuna aliyeweza kuitabiri. Mwezi Agosti 1973, huko Douglas katika kisiwa cha Man, jumba la starehe la Summerland lililovikwa mabamba ya plastiki liliungua na watu 50 wakafa. Mwaka 2001 mabamba ya alumini yenye polithini yalijaribiwa nchini Uingereza kwa niaba ya serikali, yakaungua vibaya mno, na matokeo hayakutangazwa. Mwezi Julai 2009 jengo la Lakanal House, kusini mwa London, liliungua. Mabamba ya nje yaliyokuwa chini ya madirisha yalishika moto upesi na watu 6 wakafa. Mwezi Novemba 2014, katika jengo la Lacrosse huko Melbourne, Australia, kipande cha sigara kilichoachwa kwenye roshani kiliwasha moto uliopanda ghorofa kwa ghorofa kupitia vazi la nje. Mwaka 2015 mnara wa Torch wa Dubai uliungua kwa nje. Ukaja kuungua tena 2017. Bahati mbaya haitumi barua tano kabla ya kubisha hodi.

Wakazi wa Grenfell wenyewe walikwisha kuonya. Kikundi chao kiliandika kabla ya moto kwamba usalama wa moto mnarani unapuuzwa na kwamba ingehitajika balaa kubwa ndipo wasimamizi wasikilize. Walichukuliwa kuwa ni wakorofi. Katika nchi ijisifuyo kuifundisha dunia demokrasia, mpangaji aliyeuliza juu ya uhai wa watoto wake alionekana msumbufu, na muuzaji wa mabamba akaonekana mshauri.

Wapo pia wasemao kwamba vazi lile liliwekwa kwa huruma, ili maskini wasipate baridi na wasilipe pesa nyingi za kupashia joto nyumba zao. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uwongo mtupu. Ni kweli kwamba nyumba za London zinahitaji kukingwa na baridi. Lakini vipo vikinga joto visivyoungua, vilivyotengenezwa kwa sufi ya mawe, na vimetumika kwa miaka mingi. Hakuna aliyewalazimisha wajenzi kuchagua baina ya baridi na moto. Kilicholazimisha ni bei.

Wapo tena wasemao kwamba kanuni nyingi huua biashara. Huo ndio ulikuwa wimbo wa watawala wa Uingereza katika miaka iliyotangulia moto: punguza kanuni, ondoa urasimu, liachie soko lijisimamie. Soko likajisimamia. Baada ya Grenfell iligunduliwa kwamba majengo mengi nchini humo yamevikwa mavazi ya hatari. Wenye nyumba wakajikuta wanamiliki vyumba wasivyoweza kuviuza wala kulala humo kwa amani. Na serikali ikalazimika kutenga pauni bilioni 5.1 za hazina ya umma kwa ajili ya kuyavua mavazi hayo. Faida ilikuwa ya wachache. Hasara ikawa ya taifa. Mwezi Desemba 2018 sheria ikapiga marufuku mavazi yanayoungua katika majengo mapya marefu ya makazi huko England. Kilichoitwa urasimu kabla ya vifo kikaitwa busara baada ya mazishi.

VAZI LA KARATASI

Lakini hoja inayowahusu hasa watumishi wa umma ni ile ya mwisho, isemayo: vyeti vyote vilikuwapo.

Naam, vilikuwapo. Na hapa ndipo lilipo vazi baya kuliko yote. Tarehe 4 Septemba, 2024, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Martin Moore-Bick ilitoa ripoti yake ya mwisho, yenye karibu kurasa 1,700. Ilisema kwamba vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Ilieleza kwamba watengenezaji wa mabamba na wa vikinga joto walikosa uaminifu kwa makusudi katika majaribio na katika kuiuza bidhaa yao; kwamba kampuni ya Arconic, iliyouza mabamba ya Grenfell, ilificha kiasi cha hatari ya mabamba hayo yanapokunjwa kwa umbo lililotumika mnarani; kwamba serikali kwa miaka mingi ilikuwa na dalili za hatari na haikuchukua hatua; na kwamba wabunifu, makandarasi na wakaguzi wa manispaa hawakutimiza wajibu wao.

Mbele ya tume ile ilidhihirika namna lawama inavyozungushwa. Mbunifu alidhani mkandarasi amehakikisha. Mkandarasi alidhani fundi wa mabamba anajua. Fundi wa mabamba aliamini cheti. Aliyetoa cheti alitegemea maelezo ya mtengenezaji. Mkaguzi wa manispaa aliona cheti na sahihi za wenzake, akaongeza ya kwake. Kila karatasi ilivikwa juu ya karatasi nyingine, na chini ya karatasi zote hizo mlikuwa na polithini. Mpaka ripoti ile inatoka, miaka 7 baada ya moto, hakuna mtu wala kampuni iliyokuwa imefikishwa mahakamani kujibu juu ya vifo vile.

Cheti, basi, nacho ni vazi. Kikiwa na kazi chini yake ni ganda. Kisipokuwa na kazi ni joho. Sahihi ya mtumishi wa umma si wino. Ni tamko kwamba yeye, kwa niaba ya watu ambao hawana nafasi ya kuingia ofisini na kufunua mafaili, amechungulia nyuma ya bamba. Atiaye sahihi pasipo kuchungulia hakufanya uzembe mdogo wa kiofisi. Amewauzia wananchi imani asiyokuwa nayo mwenyewe.

FUNZO KWA AFRIKA MASHARIKI

Atakayesema kwamba haya ni ya Wazungu na minara yao hajapita mitaa ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa macho yaliyo wazi. Mabamba ya alumini na kuta za vioo zimekuwa sare ya benki, hoteli, vituo vya petroli na maofisi. Yapo mabamba yenye kiini cha madini yasiyowaka upesi, na yapo yenye kiini cha polithini tupu. Kwa nje, yakikwisha kupakwa rangi, ni mapacha. Jicho haliwezi kuyatofautisha. Mwenye uwezo wa kuyatofautisha ni maabara, na mwenye mamlaka ya kudai jibu la maabara ni mtumishi wa umma.

Na hata pasipo moto, vazi la kuiga lina hasara zake. Ukuta wa kioo ulibuniwa na kupendwa katika nchi ambazo jua ni mgeni. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, ukuta wa kioo usio na kivuli huliingiza jua ndani, na kisha pesa hulipwa kila mwezi kwa viyoyozi vya kulitoa. Babu zao watu wa pwani walijenga kuta nene, baraza, na madirisha yenye kupitisha upepo. Hawakuwa washamba. Walijua jua linatoka wapi. Kulivika jengo la kitropiki vazi la nchi za baridi ili lifanane na picha za magazeti ya kigeni ni kasumba ile ile ya kuvaa koti la sufi adhuhuri ya Januari, tofauti ni kwamba koti mtu hulilipia mwenyewe, na kiyoyozi cha ofisi hulipiwa na mlipa kodi.

Vyombo vya kusimamia mambo haya havikosekani. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Shirika la Viwango, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Uingereza nayo haikukosa vyombo, ilivikosa vitendo. Kwa hiyo kila hati ya jengo lililovikwa inapofika mezani, mtumishi wa umma ana haki na wajibu wa kuuliza maswali manne kabla ya kushika kalamu. Kwanza: ndani ya bamba mna nini? Pili: je, vazi limejaribiwa kwa moto likiwa zima, pamoja na kikinga joto, uwazi na viungo vyake, au ni kipande kimoja tu kilichopelekwa maabara? Tatu: nani aliyejaribu, na nani aliyemlipa? Nne: moto ukiingia katika uwazi ule, umewekewa kizuizi gani cha kuuzima kabla haujafika ghorofa ya pili? Mkandarasi asiye na majibu manne hana jengo; ana mkakasi.

Mwalimu naye ana sehemu yake, tena kubwa. Fundi, mhandisi, mkaguzi na waziri wa kesho wote wamekaa leo kwenye madawati yake. Mtoto anayefundishwa kwamba ganda la yai lina kazi, kwamba chokaa ya ukuta mkongwe ina kazi, kwamba kioo kinachozunguka unyuzi wa mkongo kina kazi, atakapokua na kuonyeshwa bamba linalong'aa atauliza: nalo hili lina kazi gani? Lakini mtoto aliyezoeshwa kupewa alama kwa jalada safi la daftari, wakati kurasa za ndani ni tupu, amekwisha kufundishwa namna minara inavyovikwa kuni.

Mwezi Februari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kilichosalia cha mnara wa Grenfell kitabomolewa. Zege lile lililostahimili moto litaondolewa kipande kwa kipande. Kinachopaswa kubomolewa kabla ya zege, katika London na katika kila mji unaoiga London, ni fikra kwamba jengo hujengwa kwa ajili ya anayelitazama na si kwa ajili ya anayelala ndani yake. Wenye kalamu na wenye chaki wasingoje kuambiwa mara ya pili. Vazi lisilositiri si vazi. Ni sanda iliyoshonwa mapema, na yule anayeiidhinisha kwa sahihi hana haki ya kujiita mtumishi wa watu.